Dakika Nzima

Jumatatu, 18 Machi 1996

Leo nimeanza kazi katika kliniki ya kanisa hapa kwenye mtaa wa mabanda wa Kisumu Ndogo, na tayari nimenawishwa mikono mara tisa. Mimi, Valary Nasike, mwenye cheti cha miezi sita kutoka chuo cha mjini, tena chenye muhuri. Aliyeninawisha ni Mama Adhis, msaidizi wa chumba cha kupimia wagonjwa, ambaye cheti chake ni aproni. Jina lake hasa ni Awiti lakini hakuna anayelitumia. Wanasema alikuwa hapa tangu kliniki ilipokuwa meza moja chini ya turubai.

Kazi yenyewe ni hii. Mgonjwa akiingia tunampima uzito, joto na presha, tunamshika mshipa, na mtoto mwenye kikohozi tunamhesabia pumzi. Yote tunayaandika kwenye kadi. Kadi inatangulia chumba cha pili kwa Daktari Wambua, mgonjwa anafuata. Mama Adhis ameniambia daktari anatibu kadi kwanza, mtu baadaye, kwa hiyo nikiandika uongo dawa nayo itakuwa ya uongo. Nikamwambia hayo tulisoma. Alinionyesha sabuni.

Nilipochukua barua ya kazi, Mzee Jeconia, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, alinieleza waziwazi kwamba wafadhili wanataka mtu mwenye cheti. Nitajaribiwa hadi mwisho wa Mei, na baada ya hapo chumba kitakuwa cha mtu mmoja. Nilielewa vizuri ni nani atakayeondoka, na nilitabasamu. Naandika hapa nisije nikajifanya baadaye kwamba sikujua.

Jumanne, 19 Machi

Mikono, mara kumi na moja.

Ijumaa, 22 Machi

Tumegombana juu ya dakika. Mimi ninahesabu pumzi kwa nusu dakika, halafu nazidisha kwa mbili. Mama Adhis anataka dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, nguo zimepandishwa, kifua kinaonekana. Anasema mtoto mchanga hapumui kama saa ya ukutani. Anaenda mbio, anapumzika, anaenda mbio tena, na ukihesabu nusu unaweza kuangukia pale alipopumzika. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka akifika hamsini, hiyo ni nimonia mpaka daktari aseme sivyo.

Foleni ilikuwa imefika kwenye mfereji. Dakika nzima kwa kila mtoto, na yeye ameinama hapo na saa yake ya kubana kifuani, midomo imefungwa, kama mtu aliye kanisani. Nilihisi nitazeeka nimesimama.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua imeanza. Kutoka kwa shangazi Kawangware hadi hapa kwa miguu nimefika na kilo mbili za udongo kwenye viatu. Mama Adhis alinitazama tu, akasukuma beseni kwa mguu.

Jumanne, 2 Aprili

Leo lazima niandike jambo, ingawa sitaki.

Aliingia mwanamke mwenye maumivu ya tumbo, mama wa makamo, mwenye aibu. Daktari alitaka kumwangalia. Nilijua la kufanya, nikamwambia avue alale kitandani. Mama Adhis akaja nyuma yangu bila haraka. Alimtandikia leso yake mwenyewe, akamfunika na nyingine, akamfunua mahali palipohitajika tu, kama kitambaa unachokikunja kidogo kuona rangi. Kabla ya kumgusa alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili mpaka viganja vikapata moto. Kisha akasimama kati ya kitanda na mlango, kwa sababu mlango wetu haufungi vizuri, na daktari alipoingia alimkuta mama yule tayari anazungumza, tena kwa Kiluo, mambo ambayo mimi nilipomuuliza alinijibu "sijui" mara tatu.

Chuoni tulifundishwa kumwandaa mgonjwa. Tuliandika tano bora za maandalizi na mimi nilipata zote. Mikono kuwa na moto haikuwa mojawapo.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Wa kuhara wanane.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua. Kumi na mmoja.

Jumatatu, 15 Aprili

Kijana mmoja fundi wa mabati, Obonyo, amekatwa kiganja. Jitu refu, linagonga fremu ya mlango. Akaniambia, "Sista, niaje. Nishone tu, lakini hiyo mambo ya sindano tuachane nayo." Nikaanza kumweleza juu ya pepopunda kwa sauti ya chuo. Mama Adhis akamuuliza mamake anatoka wapi. Alego. Kwa nani? Akataja. Basi wakaenda Alego wote wawili kwa maneno, nyumba kwa nyumba, na walipofika kwa babu sindano ilikuwa imeshatoka na mimi nilikuwa nimepokea bomba bila kujua nimelipokea saa ngapi. Obonyo akaangalia bega lake akasema amechezwa.

Nilicheka mpaka Daktari Wambua akachungulia. Nimeanza kumpenda yule mama, na jambo hilo linanisumbua kwa sababu Mei haiko mbali.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimegombezwa kwa kuandika "Kisumu Ndogo" kwenye kadi mahali pa makao. Mama Adhis aliuliza kama nikitumwa kumtafuta huyo mtu nitasimama wapi niite. Kadi zake zinasema hivi: "Nyuma ya kanisa la bati la bluu, mlango wa tatu, jirani ya Rosalia anayeuza samaki wa omena." Nimeandika upya kadi kumi na nne. Mkono unauma.

Alhamisi, 25 Aprili, asubuhi

Haya ni ya jana. Jana sikuweza kushika kalamu.

Mama Adhis alikuwa ametumwa mjini kuchukua chanjo. Kwa mara ya kwanza chumba kilikuwa changu peke yangu, na nilifurahi, niseme ukweli. Mvua ilikuwa ikipiga bati hata huwezi kusikia mtu akikohoa. Foleni ndefu, watoto wamefungwa kama mizigo ya safari, sweta juu ya sweta, kofia, shali. Huku kwetu mama anayemtoa mtoto nguo wakati wa mvua ataulizwa na majirani wote wa plot.

Akaja Kavetsa, dada mdogo kuliko mimi, anafua nguo za watu mtaa wa Ayany. Mtoto wake Ambrose ana miezi minane. Alikuwa na kikohozi cha siku tatu na alikuwa amelala. Nilipotaka kumfungua akaniomba nimwache, amekesha naye, ndiyo kwanza amepata usingizi, na baridi ikimwingia kifuani itakuwa juu yangu. Nikamwonea huruma. Nilitaka pia aone kwamba mimi si mkali kama yule mama mwingine. Nikaweka mkono juu ya sweta, nikahesabu nusu dakika, nikapata ishirini na mbili. Nikaandika arubaini na nne. Daktari akasoma arubaini na nne, akaandika dawa ya homa na maji mengi, wakaenda nyumbani.

Mama Adhis alirudi saa tisa, amelowa. Kabla ya kuketi alifanya anachofanya kila siku: akachukua kadi za siku hiyo akazisoma zote. Nilikuwa nafuta meza. Nikaona amezisoma mara ya pili, anazipanga kwenye kitanda kama anayecheza karata.

"Nasike," akasema, "watoto tisa wa kikohozi, na pumzi zao zote zinagawanyika kwa mbili. Hakuna hata mmoja amepumua thelathini na moja?"

Hakupaza sauti. Aliniuliza ni wangapi niliowahesabu na nguo zao. Nikasema watatu. Akavaa tena koti lake lililolowa, akachukua zile kadi tatu, akasema twende.

Nyumba ya kwanza mtoto alikuwa anakula ugali. Ya pili alitulilia kwa nguvu zote, Mama Adhis akasema asante Mungu, kelele ni afya. Ya tatu ilikuwa ya Kavetsa. Maji yalikuwa yamefika kwenye kizingiti. Ambrose alikuwa mapajani, bado ndani ya sweta zile zile. Mama Adhis alipiga magoti kwenye maji, akazifungua moja moja bila kuomba ruhusa, na nikaona. Kila akivuta pumzi, nyama ya chini ya mbavu ilikuwa inazama ndani. Unaweza kuiona kutoka mlangoni. Mtu yeyote angeiona. Hata hivyo alihesabu dakika nzima, nami nikihesabu naye kimoyomoyo. Sitini na nane. Akamwambia Kavetsa ampe titi. Mtoto akalishika, akaliachia.

Kavetsa akaniangalia mimi, akamwuliza yeye, "Si mlimpima asubuhi?"

Mama Adhis akajibu, "Tulimpima vibaya. Lete shali, tunaenda sasa."

Tulimpima, alisema. Alimbeba mtoto ndani ya koti lake, ngozi kwa nguo, sisi tunamfuata kwenye utelezi. Mwanamke wa miaka hamsini na sita anayelalamika goti kila siku. Kliniki, Daktari Wambua alimchoma sindano ya kwanza, nikashika ule mguu mdogo, na pikapu ya kanisa ikawapeleka, pamoja na daktari, hospitali ya Kenyatta. Ambrose aliwekewa oksijeni saa kumi na mbili jioni.

Daktari alirudi akafungua kitabu cha matukio kwa sababu ni lazima aandike. Akauliza ni nani aliyehesabu asubuhi. Nilifungua mdomo.

Mama Adhis akasema, "Andika Awiti. Chumba ni changu."

Nikaufunga.

Ijumaa, 26 Aprili

Ambrose yu hai. Nimenawa mikono bila kuambiwa na bado sioni ni safi.

Jumatatu, 29 Aprili

Nilimwuliza kwa nini. Akasema aliniacha peke yangu na foleni, kwa hiyo kosa lilianzia kwake. Nikasema hilo si kweli. Akanituma maji.

Ijumaa, 3 Mei

Ambrose ametoka hospitali. Mama Adhis amekuwa akienda kwao kila jioni akitoka kazini. Leo nilimfuata kwa mbali nikasimama karibu na kibanda cha omena. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi na Kavetsa kitandani, mtoto kifua wazi kati yao, saa ile ya kubana juu ya goti, anamfundisha kuhesabu. Sikuingia. Aibu ilinishika miguu.

Nimefanya kazi naye wiki saba na nilidhani ni mkali. Ukali ni wa mtu anayetaka aogopwe. Huyu hataki chochote kwangu. Anamtaka mtoto apumue, basi, na mimi nimesimama katikati.

Ijumaa, 10 Mei

Imekuwa. Mzee Jeconia amesoma kitabu cha matukio. Alimwita Mama Adhis mbele yetu, kwa heshima nyingi, akamwita dada, akamshukuru kwa miaka yote, kisha akasema wafadhili hawatakubali mtu asiye na cheti ambaye amekaribia kupoteza mtoto. Atamaliza Mei. Nafasi ni yangu kuanzia Juni.

Mama Adhis akasema amesikia. Akarudi kwenye beseni kwa sababu alikuwa amemwacha mtu na kidonda wazi.

Shangazi, nyumbani Kawangware, aliposikia alipika chapati. Anasema Mungu akikufungulia mlango usimwulize amemtoa nani ndani. Nimekula chapati mbili. Zilikuwa tamu, na hilo pia linaniudhi.

Jumatatu, 13 Mei

Mvua.

Jumanne, 14 Mei

Ninajiambia: nikisema ukweli nitafukuzwa, na hakuna kliniki itakayonipa mtoto mikononi tena. Nisiposema, atafukuzwa yeye, naye amesema mwenyewe aandikwe. Ni chaguo lake. Nimejiambia hivyo kutoka Kawangware mpaka hapa, na nilipofika sikuwa nimeshawishika.

Alhamisi, 16 Mei

Leo amenifundisha kumshika mtoto mwenye degedege, ubavu, kichwa chini kidogo, bila kumbana na bila kumtia kijiko mdomoni. Baadaye akanionyesha anakoficha leso za akiba, na mama wajawazito wawili ambao presha zao niangalie sana mwezi ujao, majina na milango yao. Ananiachia chumba kama mtu anayesafiri anavyoachia jirani kuku wake. Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo.

Jumamosi, 18 Mei

Kamati ilikutana baada ya ibada ya asubuhi. Watu sita, Daktari Wambua, Mama Adhis mwishoni mwa benchi na mkoba mapajani. Ajenda ya tatu ilikuwa kunithibitisha. Mzee Jeconia akaniomba nisimame ili wazee wanione.

Nilisimama. Nikasema pumzi za Ambrose nilihesabu mimi, juu ya sweta, nusu dakika, na kwamba watoto wote tisa siku hiyo niliwahesabia nusu dakika. Nikasema Mama Adhis alikuwa mjini, alirudi akagundua kwa kusoma namba tu, akatoka kwenye mvua akamtafuta, na bila yeye leo tungekuwa tunaongea habari nyingine. Nikasema nilinyamaza wiki tatu kwa sababu niliitaka hii kazi. Nikaketi.

Daktari Wambua, ambaye huongea kidogo, akasema, "Kwa hivyo mwenye cheti alikosea, na asiye nacho akagundua. Hiyo nitawaandikia wafadhili mimi mwenyewe."

Mzee Jeconia alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Ni mtu wa haki, nimwandikie hivyo. Alimwomba Mama Adhis msamaha hapo hapo. Kisha akanigeukia akasema kwa upole kwamba naelewa bila shaka kwamba mimi sasa siwezi kubaki. Nikasema naelewa.

Ndipo Mama Adhis aliposimama, mkoba kwapani.

"Mzee Jeconia," akasema, "mkimfukuza huyu, mtaniletea mwingine ambaye bado hajakosea. Na mimi sina nguvu ya kumngojea akosee."

Wazee walitazamana. Mmoja alianza kucheka akageuza ikawa kikohozi. Waliamua kama ifuatavyo: chumba ni cha Mama Adhis. Mimi nitakuwa chini yake hadi Desemba kwa majaribio, na sitagusa kadi ambayo yeye hajaisoma. Hawakuona jinsi nilivyofurahi, walidhani naadhibiwa.

Tulipotoka nje alitembea mbele yangu hatua nyingi. Kwenye mfereji akasimama. Alisema nimemwaibisha, maana sasa kanisa zima linajua Awiti ni mwongo. Halafu akanishika mkono tuvuke, goti lake lilikuwa linamuuma.

Jumanne, 28 Mei

Watoto ishirini na watatu. Dakika ishirini na tatu, nzima nzima. Hakuna aliyezeeka.

Jumatatu, 10 Juni

Mvua imepungua, baridi ndiyo imebaki. Saa nne akaingia Kavetsa na Ambrose, kikohozi kidogo. Mama Adhis alikuwa anamfunga mtu kidonda pale kwenye kona. Kavetsa alinitazama, akatazama kiti mbele yangu, akabaki amesimama. Akasema atamngoja mama.

Nikasema sawa. Alikuwa na haki. Niliita mwingine, nikampima, nikaita wa pili. Mama Adhis alikuwa akisikia yote na hakugeuza kichwa hata kidogo. Kidonda kilichukua robo saa, na nina hakika si kidonda cha robo saa.

Wa tatu alipotoka, Kavetsa alikuja akaketi. Hakunisalimia. Nilinawa, nikashika kikombe cha chai mpaka mikono ikapata moto, na nilipogeuka alikuwa ameshaanza kumfungua mwenyewe, sweta, sweta, fulana, mpaka kifua kikawa wazi kwenye baridi ile. Nilimwambia nataka kumwomba msamaha. Akasema, "Hesabu kwanza."

Nikainama na saa. Ambrose alikuwa anavuta kidole changu cha mkono mwingine. Nilihesabu, na katikati nikaona midomo ya mama yake inatembea. Alikuwa anahesabu pia, macho kwenye kifua cha mtoto, kisha usoni kwangu, kisha kifuani. Sekunde sitini zilipoisha niliinua kichwa, na kabla sijagusa kadi nikamwuliza yeye amepata ngapi.

"Thelathini na saba," akasema.

Mimi pia nilikuwa nimepata thelathini na saba.